Kamera inakataa kupiga na kadi bado ina nafasi, na foda zingine haizioni kabisa. Msaada wadau

picha_za_ziwani (Kisumu)

Habari zenu wadau. Niko Kisumu, napiga picha za harusi, graduesheni na mambo ya shule, kamera ni Canon 2000D na kadi ni SD ya GB 64. Kuna kijana ananisaidia upande wa laptopu, ni mchapa kazi kweli, sasa ndio tusichanganye wateja amekuwa akipangia kazi ndani ya kadi yenyewe, yaani anafungua ile DCIM, foda kuu ya picha ndani ya kadi, anaunda foda ya kila kazi anaipa jina halafu anasukuma picha mle. Kwa laptopu kila kitu kinakaa vizuri. Shida inaanza kadi ikirudi kwa kamera.

Kuna foda mbili, moja inaitwa "Harusi Milimani" na nyingine "101 AYIE DUNGA", zimejaa picha, kwa laptopu naziona, lakini nikibonyeza kuangalia kwa kamera ni kama hazijawahi kuwako. Halafu kuna "102GRADU" na "102SHULE", hapo moja inaonekana nyingine haionekani. Na hii inaniuma juu nimezoea kuwaonyesha watu picha kwa tivi yao na ule waya wa HDMI kabla sijaedit chochote, wazee wanapenda sana hiyo.

Lakini ile imeniogopesha kabisa ni ya wikendi. Tuko katikati ya sherehe, kamera ikakataa kupiga, ikaandika nibadilishe kadi, na nikicheki kadi imebaki na nafasi zaidi ya nusu. Nikaweka kadi ingine kazi ikaendelea. Foda tulikuwa tunatumia inaitwa "999AROSI", kijana aliipa 999 ndio ikae mwisho kabisa tusiwe tunaitafuta.

Na sasa nikikopi kadi zote mbili kwa foda moja ya laptopu, naulizwa kama niweke faili mpya juu ya ile ya zamani. Nimesimamisha kila kitu, sijafuta, sijafomati. Kadi imekufa ama ni nini? Picha za watu ziko huko.

lenzi_ya_bonde (Nakuru)

Omera pole, na umefanya la maana sana kusimamisha. Kadi yako kwa venye umeeleza haina ugonjwa wowote. Kabla ya yote, sukuma kile kidude cha pembeni cha kadi kiende kwa upande wa kufunga ndio laptopu isiandike kitu, halafu kopi DCIM yote vile ilivyo, usipange, usichague, weka kwa laptopu na tena kwa hadi diski ingine. Hesabu mafaili ya kadi na ya kopi zikuwe sawa. Ukimaliza hiyo ndio tuongee, juu sasa hata kukitokea nini picha ziko.

Halafu niambie kitu kimoja, faili ya mwisho ndani ya 999AROSI inaitwaje?

picha_za_ziwani (Kisumu)

Nimekopi mara mbili na hesabu imelingana. Ya mwisho ni IMG_9999.JPG.

lenzi_ya_bonde (Nakuru)

Nilijua tu. Basi hiyo ndio ilikufungia.

Sikiza, majina ya mle ndani ya kadi hayakuwekwa ovyo. Kuna kanuni inaitwa DCF, ilitolewa na Wajapani wa JEIDA, chama cha kampuni za elektroniki, mwaka wa 1998, na watengenezaji wa kamera karibu wote waliifuata ndio kadi iliyotoka kwa kamera ya kampuni moja iweze kusomwa na kamera ama printa ya kampuni nyingine. Hiyo kanuni inasema picha zikae ndani ya DCIM, na kila foda mle ianze na namba ya tarakimu tatu, 100 mpaka 999, halafu herufi tano, basi. Jumla ni nane, si tisa, si saba. Ndio maana Canon anaandika 100CANON, Sony 100MSDCF, Fujifilm 100_FUJI. Faili nayo ni herufi nne za mbele na namba nne, 0001 mpaka 9999, kama IMG_0001 yako ama DSC_0001 ya Nikon.

Sasa angalia inavyotembea. Faili zikifika 9999 kamera inafungua foda mpya yenye namba ya juu zaidi na kuanza tena 0001, ni kama namba za magari, 999 ya herufi moja ikiisha wanaingia herufi inayofuata. Lakini wewe ulikuwa tayari kwa foda 999. Kamera ikitaka kwenda 1000 haina pa kwenda, juu foda ya 1000 haiko kwa hiyo kanuni. Inakataa kupiga hata kama kadi ina nafasi ya kujaza kanisa zima. Kitabu cha hiyo kamera kinasema hivyo waziwazi, kwamba 999 ikishafika 9999 hakuna kupiga, utaambiwa ubadilishe kadi. Haikusema kadi imejaa, ilisema badilisha.

Na hesabu yako ilikuwa imepanda tu kawaida kutoka kazi za zamani, juu kamera yako bila shaka imewekwa ile setingi ya kuendeleza namba. Kijana hakukosea kufikiria mpangilio, ni vile tu hiyo 999 ndiyo ukuta wa mwisho.

mulembe_komputa (Kakamega)

Mulembe. Niongeze hapo kwa zile foda hazionekani, maana hiyo naiona karibu kila wiki hapa dukani.

"Harusi Milimani" haianzi na namba, ina nafasi katikati, na ni ndefu. "101 AYIE DUNGA" ina namba sawa lakini kuna nafasi na imepita herufi tano. Kamera haisomi majina marefu vile laptopu inasoma. Kamera ikitafuta tarakimu tatu za mbele inakuta H, inapita. Haijafuta kitu wala haijaharibu kitu, imeiruka tu. Kwa hivyo mteja akikuambia picha zimepotea kwa kamera mwambie atulie kwanza tuangalie kwa laptopu.

102GRADU na 102SHULE kila moja iko sawa ukiitazama peke yake, lakini haziwezi kukaa pamoja. Namba tatu za mbele ndizo kitambulisho, zile herufi tano ni mapambo tu kwa macho ya kamera, sasa ukiwa na 102 mbili haijui ni gani. Ungeita moja 103SHULE hungeona shida.

Kuna ingine watu hawajui. Faili zenye namba moja ndani ya foda moja kamera inazichukua kama kitu kimoja, ndio maana ukipiga RAW, ile faili ghafi ya kamera, na JPG pamoja unaona picha moja kwa skrini na kwa laptopu ziko mbili, IMG_0458.CR2 na IMG_0458.JPG. Sasa kijana akihamisha JPG peke yake kwa foda ingine umetenganisha pacha, na baadaye utalala usiku ukitafuta RAW ya picha ya bibi harusi.

Na tena usitegemee kamera ionyeshe picha uliyoedit kwa laptopu ukairudisha kwa kadi. Hata ukiipa jina sawasawa kamera inaweza kukataa kuifungua maana si vile yenyewe iliiandika.

kasarani_flash (Eldoret)

Mimi nitapinga kidogo. Nimekuwa nikiunda foda zangu kwa kadi na Canon yangu haijawahi kulalamika. 104HARUS, 105SHULE, naona zote. Kwa hivyo si eti haiwezekani.

lenzi_ya_bonde (Nakuru)

Na uko sawa kabisa, Canon wenyewe wanaruhusu, juu umefuata kanuni: namba tatu zisizorudiwa, herufi tano, hakuna nafasi, mstari wa chini unakubaliwa. Tena hauhitaji laptopu, kwa 2000D ingia menyu uchague foda, kuna mahali pa kuunda mpya na kamera inajipa namba inayofuata yenyewe. Kwa harusi ya siku mbili naunda moja ya Ijumaa na moja ya Jumamosi, inasaidia sana.

Kile nakataa ni kuhamisha na kubadilisha majina kwa laptopu kadi ikiwa ndiyo kopi pekee iko duniani. Ukitoa kadi kabla laptopu imalize kuandika, ama stima ipotee na betri ya laptopu imekufa, unaweza kuharibu ile orodha ambayo kadi inatumia kujua faili gani iko wapi. Hapo ndio unaona majina ya ajabuajabu yenye alama za Kichina, foda ya GB sufuri, au Windows ikisharekebisha unapata FOUND.000 na ndani ni FILE0000.CHK. Picha za mtu zimegeuka CHK, vipande visivyo na majina yake. Mimi kazi ya kupanga naifanya kwa laptopu, kadi naiacha ya kamera.

wa_chwele (Bungoma)

Samahani naingilia, yangu inakaribiana. Nilipeleka kadi saiba kuprinti picha za pasipoti, ikarudi DCIM imekuwa shortkati, ile ya mshale mdogo, ni ya KB 2 tu. Nikiweka kwa kamera inasema hakuna picha. Lakini kadi inaonyesha imejaa. Nikifungua hiyo shortkati inaleta kidirisha cheusi kinapotea. Nifomati?

mulembe_komputa (Kakamega)

Usifomati, na tafadhali usibonyeze tena hiyo shortkati! Hiyo ni vairasi, imeficha foda yako ya kweli na kuweka ya uongo yenye jina lilelile, ukibonyeza unaiwasha iingie kwa laptopu yako pia. Kwamba kadi inaonyesha imejaa ni habari njema, picha ziko humo, zimefichwa tu.

Fanya hivi. Weka kadi kwa laptopu yenye antivairasi iliyo na apdeti, iskani kwanza. Angalia kadi imepewa herufi gani, tuseme E. Halafu fungua ile komandi ya Windows, andika cmd pale pa kutafuta, na uandike hii vile ilivyo, herufi ubadilishe kama yako si E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Inaondoa ule ufichaji kwa mafaili na foda zote. Subiri, kadi kubwa inachukua muda. DCIM itarudi ikiwa foda ya kawaida. Wakati mwingine vairasi huwa imesukuma kila kitu kwa foda isiyo na jina, utaiona hapo, ingia utakuta DCIM ndani. Kopi picha peke yake, JPG na RAW, usikopi kitu kingine chochote hasa zile za kuishia .lnk, .vbs ama .exe. Ukishahakikisha picha zinafunguka hapo ndio unafomati kadi ndani ya kamera.

Na siku ingine ukienda saiba funga kile kidude cha pembeni kwanza. Kama kadi yako ni ile ndogo ya simu, adapta yake ndiyo iko nacho. Ama peleka picha mbili tatu kwa flashi, kadi ibaki nyumbani.

wa_chwele (Bungoma)

Wueh zimerudi!! Zilikuwa kwa foda isiyo na jina kama ulivyosema. Mungu akubariki sana mkuu, kulikuwa na picha za mazishi ya guka hapo, hizo hazipigwi tena.

mulembe_komputa (Kakamega)

Poleni na msiba. Zikopi mahali pawili leo leo, usingoje kesho.

mama_albamu (Nakuru)

Hamjambo. Nimesoma yote na naona swali la mwisho la ndugu wa Kisumu halijajibiwa, ile ya kuulizwa aweke faili mpya juu ya ya zamani. Na hiyo kwangu ndiyo hatari kuliko zote, juu foda zisizoonekana zinarudi, lakini picha iliyofunikwa na ingine ndio hiyo imeenda.

Angalia, jina la faili lina namba nne tu, kwa hivyo baada ya picha 9999 majina yanaanza kurudiwa. IMG_0001 iko kwa foda 100 na iko tena kwa 101, ni picha tofauti kabisa, mle kwa kadi hazigombani juu ziko nyumba tofauti. Ukizimwaga pamoja kwa foda moja ya laptopu zinakutana mlangoni. Ukikubali, moja inakula nyingine, na haiendi hata kwa pipa la taka. Ukiruka, hiyo ya pili haikuingia, halafu unafomati kadi ukijua umekopi. Nimeona mtu akipoteza saa nzima ya kanisani kwa hiyo njia.

Kwa hivyo kila kadi na foda yake. Mimi naanza na tarehe, mwaka mbele, kwa mfano 2024-08-17_harusi_njoro, na ndani yake kadi_A, kadi_B, na ile ya mpiga picha wa pili. Mwaka ukiwa mbele zinajipanga zenyewe kwa mpangilio wa siku, na hapa ndio hiyo akili ya kijana ya kutaka kazi mpya ikae mwisho inafaa. Kwa laptopu andika jina refu upendavyo, Milimani, Dunga, hakuna wa kukukataza.

Baada ya hapo nabadilisha majina ya mafaili yenyewe kutumia saa ambayo picha ilipigwa, imeandikwa ndani ya picha na haitegemei jina. IrfanView ni ya bure kama si kwa biashara na inabadilisha mengi kwa mara moja, na wale hawaogopi komandi kuna ExifTool. Inakuwa 20240817_143205 na namba mbele yake, hapo haiwezi kugongana na ya mwaka ujao. Hakikisha tu JPG na RAW yake zinabadilishwa pamoja. Na kama mko na kamera mbili, kabla ya kutoka nyumbani wekeni saa zilingane, dakika na sekunde, la sivyo ukizichanganya utakuta keki imekatwa kabla bibi harusi hajafika.

Zile kamera kubwa kidogo zinakuruhusu kubadilisha hizo herufi za mbele, Nikon za D7000 kwenda juu kwa mfano, badala ya DSC unaweka zako. Mkiwa wawili hiyo inasaidia mno. 2000D haina.

picha_za_ziwani (Kisumu)

Asanteni sana, kweli nimepumua. Sasa hii kamera naifungua vipi? Nifomati tu iendelee?

lenzi_ya_bonde (Nakuru)

Kopi zako mbili umefungua picha chache za kila foda ukaona ziko sawa? Kama ndio, rudisha kile kidude, fomati ndani ya kamera, si kwa laptopu, kamera inajiandikia DCIM yake safi. Halafu kwa menyu tafuta sehemu ya namba za mafaili. Ina chaguo tatu: kuendeleza namba, kuanza upya yenyewe kila kadi mpya, na kuanza upya kwa mkono. Bonyeza ya mkono mara moja, itafungua foda na kuanza 0001, halafu hakikisha imebaki kwa ile ya kuendeleza. Usiiache kwa ile ya kuanza upya kila kadi, juu hapo kila harusi itakuwa na IMG_0001 na utarudi kwa ile shida ya mama_albamu kila wiki.

Na ukiazima kadi ya mtu, ifomati kwa kamera yako kabla ya kupiga, kama mwenyewe amekubali. Kadi ikiwa na picha za namba kubwa kamera inaweza kuendelea kutoka hapo, ghafla unatoka 0300 unajikuta 8700 na unaanza kudhani umepoteza picha elfu nane.

kasarani_flash (Eldoret)

Hiyo ya kuruka namba imenipata na sikuwahi kujua sababu. Asante.

picha_za_ziwani (Kisumu)

Imekubali! Imeanza IMG_0001 na inapiga bila neno. Kijana amesoma hizi majibu zote, amesema foda ataunda kwa laptopu na zile za wateja wa tivi nitakuwa nawaonyesha moja kwa moja kabla kadi haijaguswa. Ile ya ayie nimejaribu kwa kadi ingine ya zamani, nimekopi humo nikaiita 101AYIE_ na kamera imeiona, picha zote ziko.

Swali moja tu limebaki. Kadi ya pili, ile niliweka kamera ikikataa, nayo ina IMG_0001 mpaka mia sita hivi, na hii nayo imeanza 0001. Mama_albamu ukisema kadi_A na kadi_B ni hapo hapo, ama?

mama_albamu (Nakuru)

Ni hapo hapo. Kadi_B iende foda yake leo kabla hujapiga kitu kingine, na uibandike karatasi ndogo yenye B. Wa shule wakianza kupiga simu utajua unafungua wapi.